Picha ya mvuke ilikuwa nyeusi tii, korosho zikalowa

*"Shikamoo mzee. Niko Tandahimba, namsaidia mama shambani, na ndiye ninayetuma habari za hali ya hewa kwenye kundi letu la WhatsApp la wakulima wa korosho. Kuna tovuti ya picha za satelaiti ninayoifungua kwenye simu, na ninayoipenda ni ile iliyoandikwa mvuke wa maji kwa sababu inaonekana vizuri hata usiku. Jumatatu iliyopita, baada ya magharibi, kama saa 12 na nusu, niliangalia picha iliyoandikwa 12:00. Juu yetu palikuwa peusi tii mpaka baharini. Nikaandika kwenye kundi kwamba hewa ni kavu, watu waache korosho nje. Saa nane usiku mvua ikashuka, si ya kutisha, lakini ilitosha kulowesha. Mama hakusema kitu, majirani walisema. Alhamisi nikaona peupe kuanzia Masasi mpaka Mtwara mjini, nikawaambia wafunike, jua likawaka siku nzima, limefifia kidogo tu. Sasa naitwa nabii wa uongo. Je, tovuti inadanganya, au vipimo vyake havifai kwa huku kwetu kusini? Na la pili: wiki hii kuna duara kubwa jeupe linazunguka baharini, mashariki ya Komoro. Kijana mmoja kwenye kundi anasema ni kimbunga kinakuja. Nimjibu nini?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na tovuti: haikukudanganya. Kipimo kilichoko angani ni kilekile kwa Tandahimba, kwa Nairobi na kwa Antananarivo, na kwa jambo hili sisi watu wa kusini tumekaa mahali pazuri kuliko wengi, nitakuonyesha huko mbele. Wewe ulitaka kujua kama usiku ule mvua itashuka juu ya korosho za mama. Picha ya mvuke wa maji haijui habari za huko. Inakwambia hali ya hewa ya juu sana, kwa kawaida kati ya kilomita 6 na 10 kutoka usawa wa bahari, kama ina unyevu au ni kavu. Mvua iliyowalowesha ilitengenezwa chini kabisa ya hapo.

Kosa ulilolifanya ni la wengi, na chanzo chake ni jina lenyewe la picha. Mtu akisoma "mvuke wa maji" anadhani ameonyeshwa unyevu wote ulioko angani, kwamba peupe pana maji na peusi pamekauka. Ingekuwa hivyo, Mtwara mjini mwezi Januari, ambapo shati linakuganda mgongoni kabla hujafika stendi, pasingeonekana peusi hata siku moja. Lakini panaonekana peusi, tena mara nyingi.

Twende polepole. Kila kitu chenye joto hutoa miali isiyoonekana kwa macho, inayoitwa infraredi. Ardhi inatoa, bahari inatoa, mawingu yanatoa, na mvuke wenyewe unatoa. Kadiri kitu kinavyokuwa na joto ndivyo miali yake inavyoongezeka. Chaneli za mvuke, yaani vipimo vya satelaiti vilivyotegwa kwenye miali ya aina moja tu, hazitegemei mwanga wa jua, zinapima miali hii, ndiyo maana ukifungua picha saa saba usiku unaiona kama ya mchana. Satelaiti ya Meteosat inayoitazama Bahari ya Hindi ina chaneli 12, na mbili kati yake zimewekwa makusudi kwa ajili ya mvuke: moja kwenye mikromita 6.2, nyingine kwenye mikromita 7.3 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita). Katika urefu huo wa mawimbi, mvuke wa maji hunyonya miali kwa pupa. Miali inayotoka ardhini Tandahimba inanyonywa na mvuke wa chini. Mvuke huo unatoa miali yake, nayo inanyonywa na mvuke ulio juu yake, na mchezo unaendelea hivyo mpaka kwenye tabaka ambalo juu yake hakuna tena mvuke wa kutosha kuzuia kitu. Miali ya tabaka hilo la mwisho ndiyo inayotoka na kusafiri karibu kilomita 36,000 hadi kwenye satelaiti.

Chukua mfano wa mtu aliye kwenye ndege ndogo juu ya shamba la mikorosho. Mkorosho wenye majani mazito, jicho lake linaishia kileleni. Mkorosho uliopukutika juu, jicho linapenya mpaka matawi ya katikati. Kwa vyovyote vile, kilichoanikwa chini ya mti hakioni.

Juu ni baridi na chini ni joto, na hapo ndipo rangi zinapozaliwa. Hewa ya juu ikiwa na unyevu, satelaiti inaishia kwenye tabaka la baridi, tuseme nyuzi joto 40 chini ya sifuri, na kwa desturi baridi hupakwa nyeupe. Hewa ya juu ikiwa kavu, kipimo kinashuka hadi kwenye tabaka lenye joto kidogo zaidi, na hilo hupakwa nyeusi. Lakini sikiliza: hata ule weusi tii wa chaneli ya 6.2, katika ukanda wetu wa tropiki, ni wa nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Huku kwetu hewa hufika sifuri kwenye kilomita 5 hivi. Wewe usiku ule ulikuwa umelala bila blanketi. Kwa hiyo hakuna hata pikseli moja, yaani nukta moja, ya picha ile iliyoigusa hewa uliyokuwa unavuta.

Na maji mengi yako wapi? Karibu nusu ya mvuke wote wa angani umejazana ndani ya kilomita 2 za kwanza. Msimu wa mvua, ukiweza kuikamua hewa yote iliyosimama juu ya Mtwara, kutoka ardhini mpaka mwisho, utapata maji ya kina cha milimita 50 hivi. Chaneli ya 6.2 inashiba kwa milimita 1 au 2 za juu kabisa. Hizo nyingine 48, ambazo ndizo za mvua yako, hazimo kwenye picha.

Sasa tuirudie Jumatatu. Huu ni mwezi ambao kusi umeshakata na kaskazi haujakaa sawasawa, upepo wa matlai unaingia kutoka mashariki ukiwa umebeba unyevu wa bahari. Unyevu huo uko chini, pengine kilomita 2 au 3 tu za mwanzo. Hewa hiyo ikitoka pwani kuja kwenu haiendi tambarare, kwa kuwa uwanda wa Makonde unapanda taratibu kutoka upande wa bahari hadi Newala, ambako unakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Hewa yenye unyevu ikipandishwa inapoa, na ikipoa mawingu yanafunga. Mawingu ya namna hii ni mafupi, vilele vyake huweza kuishia kilomita 3 au 4, hayafiki hata kwenye barafu. Vitone vyake hugongana na kuungana mpaka vikawa vizito, vikaanguka. Mvua ya hivyo huja bila radi, mara nyingi usiku au alfajiri, na picha ya 6.2 inaipita juu kwa juu.

Tena ule weusi ulikuwa unakwambia kitu cha kweli, ila hukukisoma. Hewa kavu ikitanda juu, mawingu yanayojaribu kupanda huingiliwa na ukavu na kudhoofika. Ndiyo maana mvua yenyewe "haikuwa ya kutisha". Weusi mpana namna hiyo ni sababu ya kutotarajia mvua kubwa ya radi ya kumwaga saa nzima. Hapa nisikupe uhakika uliopitiliza, maana kuna siku joto na unyevu wa chini vinakuwa na nguvu ya kutosha kuutoboa ukavu huo. Mawingu yakishatoboa, mvua inayopita kwenye hewa kavu hukauka njiani, hewa inapoa ghafla, inakuwa nzito na kuporomoka. Mnapata upepo mkali wa dakika chache unaong'oa mabati, na mvua yenyewe haba. Wavuvi wa Mikindani wanaujua upepo huo.

Kuna jambo jingine dogo la Jumatatu ambalo naona hukulitilia maanani. Picha ilikuwa imeandikwa 12:00, nawe uliiangalia saa 12 na nusu jioni, ukadhani ni ya nusu saa iliyopita. Saa zinazoandikwa kwenye picha hizi ni saa za dunia, zile za UTC, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Picha ya 12:00 ni ya saa tisa alasiri yetu. Kwa hiyo ulikuwa unatazama hali ya saa tatu na nusu nyuma. Wingu la radi huzaliwa, likakua, likanyesha na kufa ndani ya muda mfupi kuliko huo. Ongeza saa tatu kwanza, halafu ndiyo ugeuze kwa Kiswahili: 03:00 ni saa 12 asubuhi, 06:00 ni saa tatu asubuhi, 15:00 ni saa 12 jioni. Na kama picha ya mwisho iliyopo ina umri wa zaidi ya saa moja, usiitumie kwa habari ya mvua ya jioni hiyo.

Alhamisi ni kinyume chake, na maelezo yake ni mafupi. Weupe uliouona ni mawingu membamba ya barafu ya juu sana, yale yanayofanana na pamba iliyochanwa. Yanaweza kuwa yametoka kwenye mawingu makubwa yaliyonyesha mbali, bara huko au baharini, juu yakapeperushwa mamia ya kilomita na upepo wa huko huko juu. Barafu ile ni chache mno, haifiki chini hata ikitaka. Lakini kwa kuwa ni baridi, picha ya mvuke inaipaka nyeupe karibu sawa na kilele cha wingu la radi. Jua kuwaka huku limefifia ndiyo dalili yake. Siku nyingine weupe huo hauna wingu kabisa, ni hewa ya juu iliyojaa unyevu tu, anga kwa macho yako ni bluu.

Kuna njia rahisi ya kutenganisha wingu zito na utandu. Fungua picha ya infraredi ya kawaida, chaneli ya mikromita 10.8, ya saa ileile. Mvuke hauizuii sana hiyo, kwa hiyo mahali pasipo na wingu inaona ardhi. Palipo peupe pe kwenye 6.2 na peupe pe kwenye 10.8, tena pana kingo kali upande mmoja, hapo pana wingu refu la mvua. Palipo peupe kwenye 6.2 lakini kijivu kwenye 10.8, ni utandu wa barafu au unyevu mtupu. Mchana ongeza picha ya mwanga wa kawaida, ile inayoonyesha mawingu kama macho yanavyoyaona: mawingu mafupi ya pwani yatajitokeza kama vidonge vidonge vilivyopangwa kufuata upepo. Hayo ndiyo yangekuonya Jumatatu alasiri. Usiku kuna picha ya mseto ya rangi inayounganisha chaneli tatu za infraredi kutofautisha mawingu ya matone na ya barafu, na tovuti nyingi huiweka. Ina uzito wake kuisoma. Ukitaka kujifunza moja tu mwaka huu, jifunze 10.8 kwanza.

Ile ya 7.3 usiipuuze. Hiyo inapenya zaidi, tabaka lake liko kwenye kilomita 4 hadi 6 hivi kutegemea unyevu wa siku. Ikiwa 6.2 ni nyeusi lakini 7.3 ni ya kijivu cheupe, ukavu uko juu tu na katikati pana unyevu, basi usitangaze kiangazi. Zote mbili zikiwa nyeusi, tabaka la ukavu ni nene. Hata hivyo bado kilomita 2 au 3 za chini zimebaki gizani, na usiku wako wa Jumatatu ungeweza kutokea hata hivyo.

Nilikuahidi habari ya nafasi yetu. Satelaiti ya Meteosat-9 imesimama juu ya ikweta, nyuzi 45.5 mashariki, tangu mwaka 2022; kabla yake, kuanzia 2016, ilikuwepo Meteosat-8 kwenye nyuzi 41.5. Mtwara iko nyuzi 40 mashariki na 10 kusini. Maana yake inatutazama karibu na utosini, kila dakika 15, na pikseli yake huku kwetu haizidi sana kilomita 3. Lakini tovuti nyingi, hasa zinazoonyesha Afrika nzima, hutumia satelaiti nyingine iliyosimama kwenye nyuzi sifuri, juu ya Ghuba ya Guinea. Hiyo inatuona kwa ubavu. Miali ya kutoka kwetu inapita kwenye hewa ndefu zaidi kuifikia, inakutana na mvuke mwingi zaidi, na matokeo yake tunaonekana weupe kuliko tulivyo, na pikseli zimetanuka. Angalia jina la picha kabla ya kusoma rangi zake. EUMETSAT, shirika la Ulaya linaloziendesha satelaiti hizi, lina tovuti yake ya bure ya kutazamia picha, EUMETView, na humo unachagua mwenyewe picha za Bahari ya Hindi.

Na rangi! Wewe unatumia nyeusi na nyeupe, kaa hapohapo. Tovuti nyingine hupaka ukavu rangi ya machungwa au nyekundu, unyevu bluu au kijani, na kuna zinazopanga kwa namna yao wenyewe. Nimeona mtu akikimbia rangi nyekundu akidhani ni hatari inayokuja, kumbe ni hewa kavu ya juu. Kila picha huwa na mstari wa rangi pembeni wenye nyuzi joto. Soma huo.

Kosa la mwisho kabla sijaingia kimbunga ni la kutazama weupe unavyosogea, halafu kupiga hesabu ya saa utakapofika Tandahimba. Picha za mvuke zikipangwa mfululizo zinaonyesha upepo wa juu, na hata wataalamu huzitumia kupimia upepo huo. Upepo wa chini, unaoleta mawingu ya mvua ya kwenu, unaweza kuwa unakwenda upande mwingine kabisa saa hiyohiyo.

Duara la baharini sasa. Sijaiona picha ya wiki hii, kwa hiyo sitakwambia ni nini, na wewe usimwambie kijana kwamba ni kimbunga wala kwamba si kimbunga. Ninachoweza kukupa ni namna ya kulitazama. Kwanza, mzunguko kwenye picha ya mvuke unaweza kuwa wa juu peke yake. Kuna vizunguko vya hewa baridi na kavu vinavyotembea huko juu, vinachora duara zuri la nyeusi na nyeupe, na chini yake bahari imetulia, ngalawa zinavua. Pili, kimbunga cha kweli katika kizio chetu cha kusini huzunguka chini kama mishale ya saa inavyokwenda. Hewa inayotoka juu yake, ambayo ndiyo picha ya mvuke inaiona vizuri, ikifika pembezoni hupinda kinyume. Mtu asiyejua hilo anaweza kutazama pembezoni akaapa kwamba kinazunguka kwa kinyume cha vimbunga vyetu. Tatu, tazama katikati kwenye 10.8: je, kuna mawingu mazito, ya baridi kali, yanayokaa hapohapo usiku na mchana kwa siku nzima au zaidi? Kama mawingu yanatokea jioni na kutoweka asubuhi, bado hakijajishika. Nne, na hapa picha ya mvuke ndiyo mfalme: je, kuna ulimi mweusi wa hewa kavu unaopenya kuelekea katikati? Dhoruba ikimeza ukavu huo mara nyingi hudhoofika. Ikiwa imezungukwa na weupe pande zote, haina cha kuikwamisha kutoka upande huo.

Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili, kwa hiyo kijana huyo hakuota ndoto za mchana. Sisi tuko ukingoni mwa njia ya vimbunga, kwa kuwa karibu na ikweta nguvu ya dunia inayosaidia hewa kuzunguka ni hafifu, na vingi hupita kusini yetu. Ukingoni si nje. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019, na Mtwara ikawa kwenye tahadhari. Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 ikiwa imeshapungua nguvu, hata msimu wenyewe ukiwa umekwisha kwenye karatasi, na mvua zake zilileta mafuriko Lindi na kukata barabara ya Dar es Salaam. Chido, Desemba 2024, iliipiga Mayotte tarehe 14 na Cabo Delgado tarehe 15. Kituo cha kikanda kinachofuatilia vimbunga vya bahari yetu kiko Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa kwa upande wetu. Kama duara hilo lina uzito wowote, litakuwa limeshatajwa huko. Mjibu kijana kwa kumpelekea taarifa hiyo, ikiwa ipo, ikiwa na tarehe na saa yake. Ikiwa haipo, mwambie haipo mpaka saa hiyo, na utaangalia tena kesho asubuhi.

Hapo tumefika kwenye kundi lako. Kazi unayoifanya ni njema na sitaki uiache. Lakini kutoa utabiri na tahadhari kwa umma ni jukumu la TMA kisheria, na mbali na sheria kuna majirani zako: ukisema "acheni nje", umebeba gunia la mtu mwingine. Peleka utabiri wa TMA wa saa 24 na ule wa siku tano kama ulivyo, bila kuuongezea chumvi. Ukitaka kuweka picha, weka, eleza ni ya saa ngapi yetu na inaonyesha tabaka gani, basi. Maneno kama angalizo na tahadhari yana daraja zake kwa TMA, usiyatumie kwa kukisia.

Kwa uamuzi wenyewe wa kuanika, nikuambie ninavyoupima mimi. Mvua ya usiku mmoja juu ya kijiji kimoja ni kitu kigumu kutabiri hata kwa mwenye vifaa vyote. Rada inaona matone yenyewe, na TMA ina rada Mtwara, lakini nayo inakupa saa chache tu mbele. Upande wa pili wa mizani kuna turubai. Kufunika korosho usiku usio na mvua kunakugharimu jasho la nusu saa. Kuacha wazi usiku wenye mvua kunakugharimu siku za jua na pengine daraja la korosho. Mimi kuanzia Novemba ningefunika kila jioni, iwe picha nyeusi au nyeupe, na picha za satelaiti ningezitumia kwa jambo jingine: kujua kama kesho na keshokutwa kuna siku mbili tatu za jua la kueleweka, ili niamue kuokota na kuanika kwa wingi au kusubiri. Kwa swali hilo la siku mbili tatu, weusi mpana kwenye 6.2 na 7.3, unaokaa siku nzima bila kutobolewa na mawingu marefu, pamoja na utabiri wa TMA, ni ushahidi wa maana.

Kuna hali ambazo simu haitoshi. Mtu anayeingia baharini, hasa kwa mashua ndogo, aende ofisi ya TMA au azungumze na BMU yake, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, siku hiyohiyo, asitegemee picha kutoka kwa mkulima wa Tandahimba wala jibu la mzee kama mimi. Wakiwa tayari kukupokea, nawe siku ukishuka Mtwara mjini pitia kituo cha hali ya hewa pale uwanja wa ndege, uombe mtabiri akuonyeshe picha ya 6.2, ya 10.8 na ya rada za saa moja zikiwa pamoja. Utaelewa kwa haraka kuliko kwa maandishi haya yote.

Korosho zilizolowa bado zina nafasi. Msizitie kwenye magunia zikiwa na unyevu hata kama zimekauka kwa juu, zitaota ukungu ndani. Zitandazeni nyembamba, zigeuzwe mara kwa mara, jua la siku mbili hadi tatu, jioni zifunikwe. Ukiitikisa karibu na sikio, iliyokauka vizuri hulia. Kama kuna zilizobadilika rangi au zina harufu, zitengeni na mwite afisa ugani azione kabla hamjazichanganya na nyingine kupeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, maana ghalani zikikutwa na kasoro mzigo wote unaweza kushushwa daraja.